Chupa Kumi na Mbili Katika Kila Katoni

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananiuliza, "Mama Saru, huko Ulaya kulikuwaje?" Mmoja aliniuliza nikiwa nafungua maji ya mfereji, mwingine kanisani tukiwa kwenye foleni ya sadaka. Wote nimewajibu kwamba kulikuwa na baridi, kisha nikageuza maneno. Si uongo, baridi ilikuwapo. Lakini mliniuliza jambo jingine, nami nilijua.

Basi nimekaa kuandika. Habari za visa, tikiti na picha za pasipoti nitaziruka, maana zilinichosha wakati zinatendeka na sitaki zinichoshe mara ya pili. Nitasema tulipopita, niliokutana nao, nilichokula, na kilichozipata chupa zetu.

Mghange hadi Maungu

Kwa atakayesoma bila kutujua: sisi ni akina mama kumi na wawili wa Mghange, milimani juu ya Voi, na kazi yetu ni mboga za siki. Karoti, kolifulawa, maharagwe mabichi na pilipili, zote za matuta yetu. Tunapikia chumba kimoja nyuma ya kanisa, kwa zamu, kila mama na siku yake na sufuria yake. Mimi ndiye niliyewafundisha wenzangu, kwa kuwa nilifundisha upishi shuleni miaka mingi. Wanaonijua watakwambia kwamba sikustaafu ualimu, nilistaafu mshahara tu.

Mwanzoni kila mama aliandika jina lake kwenye chupa. Duka moja la Voi likaanza kuagiza zangu peke yake. Karoti zangu nilizikata nene, unene wa kidole gumba, na mtu akiziuma zinalia mdomoni. Nilivimba kichwa, sikatai. Chupa za wenzangu zikabaki rafuni zikiingia vumbi, minong'ono ikaanza, na akina mama wawili wakaacha kusalimiana kabisa. Ndipo mwenyekiti wetu, Mama Righa, akakata shauri: majina yaondoke, muhuri uwe mmoja, na kila katoni ya chupa kumi na mbili iwe na chupa moja ya kila mama. Anayenunua katoni ametununua sote. Tulimpigia makofi, na ugomvi ukaisha siku hiyohiyo.

Bi Rukia, mnunuzi wetu wa Ulaya, alikuwa ametuandikia kwamba kila sufuria iwe na namba yake. Mama Righa alitusomea ujumbe huo kikaoni, tukaangaliana. Namba tuliiona ni jina tu lililobadilishiwa nguo, na majina tulikuwa tumeyazika. Tukaendelea na muhuri wetu mmoja.

Katika kikao hicho nilisema neno jingine, na ni lazima niliandike hapa. Mama Wakesho ndiye mkubwa wetu kwa umri, na macho yake yameingia ukungu. Nilisema mbele yake, "Mama Wakesho haoni mstari wa kikombe cha kupimia siki. Ipo siku atatuharibia."

"Mstari nauona, mwanangu," alijibu. "Nikiegemeza kikombe mlangoni nauona."

Watu walicheka kidogo, mimi nikiwamo.

Lori lilipakia katoni zetu asubuhi, na mimi nikapanda mbele na dereva, Bwana Mutua, nizisindikize mpaka bandarini Mombasa. Tulishuka milima salama, tukapita Voi, na tulipofika Maungu kitu kikakatika chini ya lori kwa mlio uliomfanya Mutua azime injini na kushusha pumzi ndefu.

"Mama, hapa tutakaa," alisema.

"Mpaka saa ngapi?"

"Usiulize saa. Uliza siku."

Tulikaa siku mbili. Jua la Maungu mnalijua. Turubai la lori lilikuwa limepata moto hata huwezi kuligusa, na ndani yake ndimo ilimokuwa kazi ya msimu mzima. Nilinunua maji madumu kwa madumu, nikawa nalowesha magunia na kuyatandika juu ya katoni, madereva wa malori mengine wakinitazama kwa huruma. Mama mwenye kibanda cha chakula alinipa ugali na mchicha, akakataa kuniuzia dumu la nne.

"Dada, hayo ndiyo ninayopikia," alisema. "Unayamwagia maboksi?"

Nikamwelezea kwamba ni mboga zinazokwenda Ulaya. Aliwaza kidogo, kisha akaniuliza kama Ulaya hawana mboga. Nikala ugali wangu. Siku ya tatu chuma kipya kikafika kutoka Mombasa, tukaondoka.

Voi hadi Nairobi

Chupa zilikwenda kwa meli, mimi nikarudi nyumbani. Wiki nyingi zikapita. Kisha Bi Rukia akapiga simu. Mzigo ulikuwa umezuiwa bandarini Rotterdam. Chupa sita zilifunguliwa na wakaguzi, na moja haikupita. Walitaka maelezo ya upishi, na Bi Rukia alitaka mtu wa jikoni aje aeleze kwa mdomo wake, kabla haujafika wakati wa kuamua kama mzigo wote utaingia au utachomwa. Tukiruhusiwa, angeagiza tena kwa mwaka mzima. Tukikataliwa, hapatakuwa na mara ya pili.

Kila mtu aliniangalia mimi. Nani mwingine, si mimi mwalimu?

Mama Righa alinisindikiza mpaka stesheni ya Voi. Mama Wakesho alikuwa amempa mfuko aniletee, ndani kimanga kilichofungwa kwa majani ya mgomba, mihogo na maharagwe vimepondwa vizuri, bado kina joto. Nilisema asante aambiwe. Moyoni nilisema ananipikia kwa sababu anajua ameharibu.

Treni ilichelewa. Tulikaa kwenye viti vya chuma.

"Ukiona mambo yanaenda mrama, piga magoti," alisema Mama Righa.

"Mzungu hapigiwi magoti, Mama Righa. Anapelekewa karatasi."

"Karatasi tunazo?"

"Tuna muhuri," nikamwambia, na treni ikaingia.

Ndani ya treni nilikaa na mzee mmoja wa Taveta, Mwislamu mwenye kofia safi, aliyekuwa akienda hospitali Nairobi kwa ajili ya figo. Aliniuliza safari yangu nikamweleza. Alisema yeye naye aliwahi kuvusha vitunguu mpakani kwa miaka thelathini, na akanipa ushauri ambao sikuutaka.

"Mkaguzi akikuuliza jambo, mjibu hilo tu. Usimwongezee. Sisi watu wa huku tatizo letu ni kueleza."

Nairobi hadi Addis Ababa

Nilikuwa nimebeba chupa mbili kwenye mkoba wa mkononi, za mkono wangu mwenyewe, niwaonyeshe wakaguzi mboga nzuri zinavyokuwa. Pale mizigo inapopita kwenye mashine, askari wa kike akanisimamisha.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni achari. Karoti na pilipili."

"Iko na maji."

"Ni siki, mwanangu. Si maji."

"Siki ni maji, mama. Haiendi."

Nilimwambia onja. Alinitazama usoni kwa muda, akaona kweli simtanii, akacheka akiwa ameziba mdomo. Lakini chupa alizitia kwenye pipa, moja baada ya nyingine. Nilizisikia zikigonga chini. Nilikasirika, nikaona huo ni mkosi wa kuanzia.

Addis tulikuta ndege yetu ina hitilafu. Tukaambiwa tusubiri saa mbili, kisha nne, kisha hawakutaja saa tena. Kando yangu aliketi bibi mmoja mwenye shuka jeupe begani na msalaba wa mbao shingoni. Hatukuwa na lugha hata moja ya kugawana. Njaa iliponishika nikafungua kimanga cha Mama Wakesho, nikamega, nikampa. Alinusa, akafanya ishara ya msalaba, akala. Kisha akanyoosha mkono kuomba tena. Akatoa kwenye mfuko wake mkate mpana wenye mashimomashimo, mchachu, akanikatia nusu.

Tulimaliza kimanga chote pamoja. Kilikuwa kitamu, na hilo liliniudhi. Nilikuwa nala chakula cha mtu huku nikipanga maneno ya kumweleza mkaguzi kwamba tuna mwenzetu mzee asiyeona vizuri, na kwamba tutamwondoa. Nilikuwa nimeyapanga vizuri sana, kwa Kiingereza, kuanzia salamu hadi shukrani.

Rotterdam

Bi Rukia alinipokea stesheni ya treni na koti kubwa mkononi, akanivika kabla hajanisalimu. Ni mwanamke mwembamba, mjane, mzaliwa wa Taveta, na Kiswahili chake kimebaki kizuri kuliko changu ingawa ameishi ughaibuni zaidi ya nusu ya umri wake.

"Karibu, dada yangu. Pole kwa safari. Twende, nimekupikia."

Alikuwa amepika wali wa nazi na samaki. Nilikula mikono ikiwa bado inauma kwa baridi. Alisubiri nimalize, ndipo akanishusha ngazi mpaka dukani kwake, chini ya nyumba anamoishi. Alinionyesha rafu moja ndefu: matango madogo ya siki, vitunguu vidogo vya siki, kabichi, pilipili, zote za nchi nyingine. Alichukua chupa moja akaigeuza, akaweka kucha chini ya maandishi madogo.

"Waiona namba hii? Hii ni sufuria. Mtu akiumwa tumbo leo hapa mjini, kesho wajua ni sufuria gani, siku gani, na chupa zake ziko maduka yapi. Niliwaandikieni."

"Tulipata ujumbe."

"Mkaujibuje?"

Nikamweleza habari ya majina, ya akina mama wasiosalimiana, na ya chupa moja ya kila mama katika kila katoni. Nilieleza vizuri, nikidhani atafurahi. Bi Rukia alikaa juu ya kreti la soda.

"Kila katoni?" aliuliza.

"Kila katoni."

"Yaani hakuna katoni hata moja isiyo na ile sufuria mbovu."

Nilikuwa sijawahi kuliona hivyo. Naapa, pale dukani ndipo nilipoliona mara ya kwanza. Lile jambo tulilolifanya ili mtu asionewe ndilo lililoisambaza chupa mbaya kwenye mzigo wote.

"Dada," alisema Bi Rukia, na sauti yake haikuwa na ukali wowote, "mzigo huu uko kwa jina langu. Wakiuchoma, kila nitakachoagiza baada ya hapa kitafunguliwa, pilipili, unga, hata chumvi. Mimi sina kikundi. Niko peke yangu." Akainuka, akazima taa ya rafu.

Ghala la bandarini

Mkaguzi alikuwa bwana mrefu mwenye mvi, mpole, aliyetuletea kahawa mwenyewe kwenye vikombe vya karatasi. Laiti angekuwa mkali ningejua namna ya kusimama naye. Tuliongea Kiingereza, yeye cha kwao na mimi cha kwetu Wundanyi, na tulielewana.

Alisema chupa tano zilipita bila shida. Ya sita siki haikufika ndani ya karoti. Chupa ya namna hiyo ikikaa muda, yaweza kuotesha vijidudu vya sumu, bila harufu, bila povu, bila kubadilika ladha. Mtu anakula, na siku ya pili kope za macho hazifunguki, kisha pumzi inamwishia.

"Lakini tulipima," nikasema. "Nilipima mwenyewe kila sufuria. Kikaratasi cha kupimia ukali wa siki kilibadilika rangi kama inavyotakiwa."

"Mlipima maji au karoti?"

Yule mzee wa Taveta aliniambia nijibu ninachoulizwa tu. Nikajibu. "Maji."

"Sisi tunaisaga karoti pamoja na maji, ndipo tunapima," alisema. "Sasa nionyeshe daftari la sufuria zenu. Za sufuria hiyo tutazitoa, zilizobaki tutazipima upya. Huenda zikaingia."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema maneno niliyoyapanga Addis. Nikaanza. Nikasema tuna mama mmoja mzee, macho yake hayaoni vizuri. Akanisikiliza, akaandika kitu, kisha akageuza kompyuta yake ili nione picha ya ile chupa, jinsi walivyoimwaga kwenye sinia jeupe kabla ya kuisaga.

Karoti zilikuwa nene. Unene wa kidole gumba. Na kila kipande ncha yake moja ilikuwa imekatwa mshazari, kwa sababu kisu changu kina pengo karibu na mpini, na kwa miaka mingi nimekizoea hivyo.

 Bi Rukia alinigusa mkono. Kahawa yangu ilikuwa imemwagika kwenye koti alilonivika.

"Hiyo ni yangu," nikasema.

"Una hakika?"

"Huo ni mkono wangu. Nileteeni katoni yoyote."

Walileta moja. Nikazitoa chupa zote kumi na mbili nikazipanga mezani, nikawatajia. Hii ni ya Mama Righa, hutanguliza pilipili chini. Hii ni ya mama fulani, kolifulawa yake huivunja kwa vidole, haikati. Nilizitaja zote bila kusita hata mara moja. Na hii ni ya Mama Wakesho: karoti nyembamba hadi mwanga unapita, kwa kuwa meno yake hayawezi nene. Nilikuwa nikimcheka kwa karoti hizo. Nilikuwa nikimwambia zinalainika mno. Zilikuwa zimelainika kwa sababu siki ilikuwa imefika mpaka ndani.

"Na hii ni yangu," nikasema, nikaisukuma kando. "Nitaingia ghalani nizitoe moja moja. Nitamaliza leo. Zinazobaki hazina kosa."

Mkaguzi alizihesabu zile chupa kumi na moja zilizobaki.

"Mama, nakuamini," alisema. "Lakini imani yangu haina mahali pa kuandikwa. Chupa zote zina muhuri mmoja. Kwa sheria hizi ni sufuria moja."

Nikakumbuka alivyoniambia Mama Righa stesheni. Nilikuwa tayari kupiga magoti, sitawadanganya, lakini sakafu ilikuwa safi mno na yule bwana alikuwa na huzuni ya kweli usoni, nikaona nitamwaibisha bure. Kuzirudisha Kenya kungegharimu zaidi ya zenyewe. Bi Rukia aliweka saini mahali pake, nami nikaweka pangu kama shahidi wa jikoni. Mashine ya kubebea mizigo ikazichukua katoni, safu baada ya safu, na kuzipeleka upande mwingine wa ghala kwenye kontena la kuchomwa. Hatukuruhusiwa kuzifuata.

Tukiwa bado kwenye korido simu yangu ikalia. Ni Mama Righa. Bi Rukia alikuwa amempelekea ujumbe asubuhi kwamba sufuria moja ndiyo yenye kosa.

"Mama Saru, usijisumbue kutafuta," alisema. "Tumeshakaa kikao. Ni Mama Wakesho."

"Nani amesema?"

"Wewe si ndiye ulisema haoni mstari? Tumemuuliza, amekubali. Amesema labda alikosea kipimo. Amelia sana maskini, tumemsamehe, lakini tumemwambia asipike tena. Ama tumekosea?"

Bi Rukia alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Alisikia yote, kwa kuwa simu yangu inapiga kelele.

"Mama Saru? Uko?"

"Niko," nikasema. "Tutaongea nikifika."

 Bi Rukia alifunga vifungo vya koti lake, nikamfuata hadi nje.

Kurudi

Safari ya kurudi haikuwa na kuchelewa hata kidogo. Kila ndege iliondoka kwa wakati, treni ilifika Voi kwa wakati, na nilichukia kila dakika iliyookolewa. Nilitaka tukwame Maungu siku kumi, ila Maungu haiko njia hiyo.

Niliposhuka kwenye gari Mghange nilikwenda kwanza kwa Mama Wakesho, hata mkoba sijaufikisha nyumbani. Nilimkuta mlangoni panapoingia mwanga, ameegemea fremu, anachambua maharagwe. Ilikuwa Alhamisi. Alhamisi ilikuwa zamu yake jikoni.

"Karibu, mwanangu. Umekonda," alisema. "Pole kwa aibu niliyokutia mbele ya wageni."

Nikakaa chini kwenye ngazi yake, nikamwambia. Sikupamba. Nikamwambia karoti nene, kisu changu, sinia jeupe, na kwamba chupa zake zote zingepita hata zingesagwa mara mia. Nikamwambia na simu, na jinsi nilivyojibu. Aliendelea kuchambua maharagwe, na vidole vyake havikukosea hata punje.

"Umewaambia wenzako?" aliuliza.

"Bado."

"Basi usiwaambie."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Mimi wameshanisamehe, limekwisha," alisema. "Wewe hawatakusamehe. Wewe umepanda ndege. Na wewe wakikuacha, nani atawafundisha? Kikundi kitakufa. Mimi hata hivyo nimechoka. Nyamaza, mwanangu."

Nitawaambia ukweli: niliposikia hivyo, nilishukuru. Nilipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni kichwani. Nilimshika mkono mama huyo mzee, nikalia, na nusu ya kilio hicho ilikuwa furaha. Nikaenda nyumbani. Nikalala vizuri. Mlipoanza kuniuliza, nikawaambia kulikuwa na baridi.

Ningeendelea hivyo, najijua. Lakini Jumatatu iliyopita Mama Righa alisimama kikaoni akasema kwamba kosa limeshaondoka jikoni, sasa tuanze upya, na ili chupa zifanane, kila mama akate karoti kama Mama Saru. Nene. Akaniomba nije mbele niwaonyeshe. Nikaja mbele. Nikashika kisu. Kipande cha kwanza kikaanguka kwenye ubao, nyote mkainama kukiangalia, na mdogo wetu akachukua rula akakipima.

Niliweka kisu chini nikasema kichwa kinaniuma, nikatoka. Tangu siku hiyo mnatuma watoto na uji kuniangalia. Siumwi. Nilikuwa naandika.

Mama Wakesho hajawahi kuniomba kitu maishani, na hili moja aliloniomba nalivunja. Chupa iliyokataliwa ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyewafundisha kupima maji, na mimi ndiye niliyemtaja asiye na kosa. Zile chupa zangu za zamani zilizoko duka la Voi, mwende mkazitoe leo, msingoje kesho, na msimpe mtu wala mnyama. Karoti zikatwe nyembamba, na kila sufuria iwe na namba yake. Mkiniondoa sitabisha.

Alhamisi ni zamu ya Mama Wakesho. Mpelekeeni ufunguo wa jikoni nyumbani kwake, na msingoje aje kuuomba.